Niliwatisha vijana, wawili wakarudi wakiwa mahabusu: nisomee kriminolojia au sheria?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni askari magereza, mwanamke wa miaka 34, na huu ni mwaka wangu wa tisa kazini. Digrii yangu ya kwanza ni ya sosholojia, na kwa sababu hiyo nikapangwa dawati la urekebishaji. Mwezi uliopita nimepewa ruhusa ya kwenda masomoni, kitu ambacho kwetu hakiji mara mbili. Nina miezi miwili ya kuamua nisome nini, na kila anayenishauri ananivutia kwake.

Kwanza nikueleze kilichonifikisha hapa.

Kwa miaka minne mimi ndiye niliyeratibu ziara za vijana. Shule na wazazi hutuletea watoto walioshindikana, wa miaka 13 hadi 17: watoro, wadokozi, wapiganaji. Wakifika getini tunawavua mikanda na kamba za viatu kana kwamba wameletwa kufungwa. Lango linabamizwa nyuma yao makusudi ili walisikie. Tunawapitisha kwenye korido, kisha wanakalishwa chini mbele ya wafungwa watatu wa kifungo cha maisha, ambao kazi yao ni kuwafokea na kuwaeleza yatakayowapata usiku wakiletwa humu kweli. Watoto wanalia. Wazazi wanatushika mikono wakishukuru. Mkuu wangu amesifiwa kwa mpango huu hadi ngazi za juu, na mimi mwenyewe nilijivunia, sitaki kukudanganya.

Mwaka jana nilikuwa zamu ya mapokezi. Akaletwa mahabusu wa miaka 19, kesi ya unyang'anyi. Ninaandika jina lake, akaniambia, "Afande, mimi hapa nilishafika. Ila siku ile mlitupitisha mlango mwingine." Nikadhani ananitania. Akanitajia korido, akanitajia yule mzee aliyewafokea, akacheka alipomkumbuka mwenzake aliyejikojolea. Miezi mitano baadaye akaja wa pili. Huyu hakusema kitu, mimi ndiye niliyemtambua.

Nilimuuliza mkuu wangu kwa adabu, "Afande, tunao utaratibu wowote wa kujua wangapi wametulia na wangapi wameendelea?" Akanijibu, "Ambao huwaoni humu ndio ushahidi wenyewe." Nilipiga saluti nikaondoka, lakini jibu lile mpaka leo halijanikaa.

Ndipo nikaanza kutafuta huku na huku, nikakutana na shahada ya uzamili ya kriminolojia tumizi, yaani elimu ya uhalifu inayolenga matumizi kazini. Niliposoma maelezo yake niliona kama mtu ameketi kwenye dawati langu akaandika. Ila kaka yangu anasema nisome sheria, kwamba wakili hazeeki bila kazi. Wenzangu wanacheka: hiyo ni ya wapelelezi wa kwenye filamu, na sisi wahalifu tunalala nao na kuamka nao, tukasomee nini tena? Mume wangu hajapinga. Ameniuliza swali moja tu: "Ukimaliza utaitwa nani?" Aliyesoma udaktari huitwa daktari, aliyesoma uhandisi huitwa mhandisi. Mimi sikuwa na jibu.

Nisaidie, Shangazi. Shahada hii ina kazi mbele yake au ni jina zuri tu? Ninaweza kulifanyia utafiti gereza ninalofanyia kazi? Hesabu nilizikimbia tangu sekondari, na nasikia takwimu haziepukiki. Na la mwisho, ambalo huniamsha usiku: wale vijana, niliwaharibu mimi?

Afande Mwenye Shaka

*

Marahaba, mwanangu.

Swali zito umeliweka mkiani, nami nitaanzia huko huko mkiani, maana ndilo lililokusukuma kuandika. Hayo ya ajira tungeweza kuyamaliza kwa simu.

Wale vijana wawili hawathibitishi kitu. Najua haya si uliyotarajia kuyasikia. Wewe unakaa mapokezi, mahali ambapo walioharibikiwa ndio hupita, na waliotulia hawana sababu ya kukupitia. Tena, watoto waliochaguliwa kuletwa kwenye ziara walikuwa tayari wamewachosha walimu na wazazi. Hata wangepelekwa ufukweni kucheza mpira, baadhi yao wangeishia mbele ya daftari lako. Kwa hiyo wewe na mkuu wako mmeteleza pale pale, kila mmoja kwa upande wake: yeye anawahesabu asiowaona, wewe unawahesabu unaowaona.

Bahati nzuri, au mbaya kwa usingizi wako, wako waliokwisha kuwahesabu wote. Katikati ya miaka ya 1970, katika gereza la Rahway jimboni New Jersey, Marekani, wafungwa wa maisha walianzisha ziara iliyofanana na yenu hadi kwenye kufoka. Mwaka 1978 ikatengenezewa filamu ya hali halisi iliyokuja kupata tuzo ya Oscar, na sehemu nyingi zikaiga mbio mbio. Watu wakiwa bado wanashangilia, mtafiti mmoja, James Finckenauer, akafanya jambo ambalo washangiliaji hawakulifanya: alitafuta vijana waliokwenda ziara na wengine wa aina yao ambao hawakwenda, akawafuatilia wote. Walikuwa 46 upande mmoja na 35 upande wa pili. Baada ya miezi sita, miongoni mwa waliokwenda, takriban 41 katika kila 100 walikuwa wamefanya kosa jipya. Miongoni mwa wasiokwenda, 11.

Kundi dogo, na jinsi vijana walivyogawanywa kulikuwa na dosari, hivyo mtu angeweza kubisha. Mwaka 2002 Anthony Petrosino na wenzake walikusanya majaribio tisa ya namna hiyo, yote ya Marekani, ambamo vijana waligawanywa kwa mfano wa kura ili pasiwe na kuchagua wazuri wala wabaya. Vijana 946 kwa jumla. Ziara ziliongeza uhalifu ukilinganisha na kutofanya chochote. Yasome tena hayo maneno mawili ya mwisho, mwanangu, kwa sababu watu wakiyasikia mara ya kwanza hudhani wameambiwa ziara hazisaidii sana. Hapana. Kuwaacha watoto nyumbani kulikuwa bora.

Kwa nini? Hapo watafiti wamebaki na makisio. Wengine husema kijana aliyefokewa mbele ya wenzake hutoka na deni la kuonyesha kwamba hakuogopa. Wengine husema umewakusanya watundu wa shule tano kwenye basi moja na kuwapa siku nzima ya kufahamiana. Mimi nina langu la tatu, la mtu niliyezeeka kwenye probesheni, yaani kuwaangalia wahalifu wanaotumikia adhabu nje ya gereza: kitu ulichokiogopa ukakiona kwa macho, ukarudi nyumbani salama, hakikuogopeshi tena kama zamani. Yule kijana wako alikuwa anacheka mapokezi, umeandika mwenyewe.

Sasa, uliwaharibu? Kwa kijana yeyote mmoja, hakuna atakayekuambia kamwe, wala mimi wala profesa. Kwa mpango mzima, uwezekano mkubwa ni kwamba ulizidisha hatari kidogo kwa watoto waliokuwa tayari hatarini. Ulifanya kwa nia njema, kwa amri, na ulipoona dalili uliuliza. Ila nia njema haifuti hesabu, na nadhani hilo umeshalijua, ndiyo maana hulali.

Jibu la mkuu wako nalo, la kudai bila kulinganisha, lina ukoo mrefu. Mwaka 1876 daktari Mwitalia Cesare Lombroso alitoa kitabu kilichodai kwamba kuna watu wanaozaliwa wahalifu, na kwamba utawatambua kwa taya, masikio, urefu wa mikono. Alipima wafungwa na mafuvu yao kwa bidii kubwa. Alichokosa ni kuwapima kwa uangalifu ule ule watu wa mtaani ambao hawajafungwa. Ilibidi ifike 1913 ndipo Charles Goring, daktari wa magereza huko Uingereza, alipochapisha vipimo vya wafungwa zaidi ya 3,000 akivilinganisha na vya watu wengine, wakiwemo wanafunzi wa vyuo vikuu na askari jeshi. Lile umbo la mhalifu wa kuzaliwa halikuonekana. Ninampenda Goring kwa sababu moja: hakuwa profesa wa chuo. Alikuwa mtu wa humo humo ndani, kama wewe, aliyechoka kusikia watu wakisema wanawajua wahalifu.

Wenzako wanaocheka waambie hivi. Ninyi mnalala na kuamka na waliokamatwa, wakashtakiwa, wakapatikana na hatia, wakafungwa. Aliyeiba na hakukamatwa hamjamwona. Aliyetoka akafungua kibanda chake akatulia, mlimsahau wiki ile ile. Mnaijua sehemu moja ya mto, pale unapopita chini ya daraja lenu.

Na kriminolojia tumizi ni nini basi? Ukiondoa mapambo, ni kufundishwa kuuliza swali ulilomuuliza mkuu wako, kisha kulijibu kwa namna ambayo hata asiyekupenda atakubali. Nadharia utazisoma, na ni vizuri: kwa nini uhalifu hushuka mtu anapofika miaka ya ishirini na kitu, kwa nini mtaa mmoja una wizi na wa jirani hauna, mtu anaachaje uhalifu. Utasoma mbinu za utafiti, takwimu, tathmini ya mipango, sera, maadili. Ila ukiona mtaala ambao nadharia zimejaa na tathmini imepewa kona, huo si wa "tumizi" hata kama neno limeandikwa kwa herufi kubwa. Ukitafuta kuchunguza damu na alama za vidole, hiyo ni sayansi ya uchunguzi wa jinai, mlango mwingine kabisa. Wala haikupi leseni ya uanasaikolojia.

Nikupe mfano wa faida yake. Mwaka 1989 mtafiti Lawrence Sherman na wenzake walichapisha uchambuzi wa simu zilizopigwa kwa polisi wa jiji la Minneapolis, Marekani, kwa mwaka mmoja. Asilimia 3 hivi tu ya anwani ndizo zilizozaa nusu ya simu. Kila askari wa doria alikuwa anajua kuna vituo korofi. Hakuna aliyejua ni vichache kiasi hicho, na mkuu wa polisi anayejua hilo hagawi doria zake kama asiyejua.

Huyo huyo Sherman ndiye nitamtumia kukuonya. Pamoja na Richard Berk alichapisha mwaka 1984 jaribio jingine la Minneapolis: waume wanaopiga wake zao, je, wakamatwe, watenganishwe kwa muda, au wapewe nasaha? Kukamata kulionekana kupunguza marudio. Majimbo mengi ya Marekani yakabadili sheria na taratibu kwa nguvu ya matokeo yale. Kisha jaribio likarudiwa katika miji mingine, na majibu yakatofautiana. Huko Milwaukee, kumkamata mwenye ajira kulimtuliza, kumkamata asiye na ajira kulizidisha kipigo kwa mke wake. Fikiria hapo: amri ile ile, sare ile ile, pingu zile zile, na mwanamke mmoja anapona wakati mwingine anaumizwa zaidi. Kwa hiyo ukirudi na shahada, usiwe yule anayebeba matokeo ya kwingine kama mzigo wa kushusha. Hata haya niliyokuambia ya Rahway, uyachukue kama sababu nzito ya kusimamisha na kuangalia, si kama maandiko.

Utaniuliza, mbona nilivyokuambia kuhusu ziara sikusita? Kwa sababu majaribio mengi yakijumlishwa yakaelekea upande wa madhara, na wanaoumia ni watoto, anayetaka kuendelea ndiye anayepaswa kuleta ushahidi.

Nami nikuambie langu. Nilisoma shahada hii nikiwa na miaka 41, afisa wa probesheni mwenye jina zuri. Nilikuwa na darasa langu la jioni la kuwafunza waangaliwa kudhibiti hasira. Walilipenda, waliniandikia barua za shukrani ambazo ninazo hadi leo. Kwenye tasnifu nikalipima darasa langu mwenyewe, nikijua nitapongezwa. Halikuwa na tofauti yoyote. Siku tatu sikuzungumza na mtu. Msimamizi wangu hakunibembeleza, alinipa nisome habari ya mtafiti Joan McCord: kwamba huko Massachusetts, Marekani, kuanzia 1939, wavulana wapatao 250 walipewa walezi wa kuwatembelea, kuwasaidia masomo, kuwapeleka kambi za likizo, na wengine idadi hiyo hiyo, waliofanana nao, wakaachwa bila hayo. McCord aliwatafuta miaka 30 baadaye. Waliosaidiwa hawakuwa na nafuu, na kwenye mambo kadhaa, ulevi ukiwemo, walikuwa wameharibikiwa zaidi. Na thuluthi mbili hivi kati yao walisema mpango ule uliwafaa. Nilizitazama zile barua zangu za shukrani kwa jicho jingine. Kama huko tayari kufikia siku zako tatu za kunyamaza, nenda ukasome sheria, kule angalau mwenye makosa huwa ni upande wa pili.

Nimemtania kaka yako hapo, lakini hoja yake ina uzito. Sheria ina jina, ina bodi, ina leseni ambayo haichukuliwi na mwajiri. Ukiacha magereza kesho, wakili ana pa kwenda. Kama swali linalokuamsha usiku lingekuwa mahabusu waliokaa miaka bila kesi kusikilizwa, ningekuambia soma sheria leo. Lako si hilo. Lako ni kama kazi tunayofanya inafanya tunachosema inafanya, na kitivo cha sheria hakitakufundisha kulijibu.

Mumeo ameuliza vizuri, na jibu la kweli ni kwamba hutaitwa kitu. Hakuna mlango ulioandikwa "Mwanakriminolojia" mbele ya ofisi nyingi, na anayekuahidi huo anauza fomu za kujiunga. Shahada hii hukaa juu ya kazi nyingine. Afisa wa magereza mwenye shahada hii huhamia utafiti na mipango, au hupewa kubuni programu za urekebishaji na kuzipima. Polisi huwa mchambuzi wa taarifa za uhalifu. Wengine huenda probesheni, huduma kwa waathirika, mahakama za watoto, tume za marekebisho ya sheria, mashirika yanayofadhili miradi na kutaka kujua fedha zao zimefanya nini. Wachache hubaki vyuoni. Asiye na kazi kabisa akiniuliza, huwa namwambia atafute kwanza miaka miwili mitatu ndani ya mfumo, maana shahada hii mikononi mwa asiyewahi kuona selo ni nyepesi. Wewe una tisa. Kwako ni tofauti kabisa: unaingia ukiwa na unachokijua, unatoka ukiwa na namna ya kukithibitisha.

Kuchagua chuo. Usianzie kwenye jina. Kipo chuo kama Cambridge, ambacho taasisi yake ya kriminolojia ilianza 1959 na ambacho huwafundisha maofisa wa polisi na magereza wakiwa bado kazini, wanaokwenda darasani kwa vipindi vifupi na kurudi kwenye vituo vyao. Ni mfumo mzuri kwa mtu mwenye ajira, na vyuo vingine vingi vina namna yake, mwaka mmoja kwa anayesoma muda wote na miwili kwa anayesoma huku akifanya kazi. Wewe uliza mambo ambayo vipeperushi havisemi. Waombe wakuonyeshe tasnifu tatu za wanafunzi waliotoka kazini. Zikiwa zote ni maoni ya wahojiwa ishirini kuhusu "changamoto", bila hata moja iliyolinganisha kundi na kundi, endelea na safari. Uliza kama wana makubaliano na magereza au polisi ya kupata takwimu, maana wanafunzi wengi hukwama miezi kwa kusubiri kibali kimoja. Uliza nani anafundisha takwimu, na kama amewahi kuzitumia kwenye uhalifu. Na mkataba wako wa ruhusa ya masomo usome hadi mwisho: utatumikia miaka mingapi ukirudi, na ukifeli nani analipa.

Gereza lako mwenyewe ni jambo la kutembea nalo polepole. Faida unaziona: unajua rejista ziko wapi, unajua nani anaandika kwa uaminifu na nani anajaza kwa kukisia. Ubaya wake ni sare. Mfungwa hawezi kumkatalia ofisa anayeshika ripoti ya tabia yake, na "ndiyo" yake haina thamani ya ridhaa. Atakuambia unachotaka kusikia, na akikuambia siri ya uvunjaji wa sheria humo ndani utakuwa mtafiti au utakuwa askari? Kamati ya maadili itakuuliza hayo, na isipokuuliza, hama chuo. Ushauri wangu ni kwamba mahojiano ya wafungwa usiyafanye kwenye kituo chako kabisa. Fanya kazi ya kumbukumbu zilizoandikwa, majina yakiwa yameondolewa na mtu mwingine kabla hazijakufikia, au omba kituo ambacho hujawahi kuvaa sare ndani yake.

Kuhusu hesabu, nitakuwa mfupi. Utalia muhula wa kwanza. Sehemu kubwa ni kuelewa kwa nini ulinganishe na nani ulinganishe naye, na hilo umeshaanza bila darasa. Kompyuta inapiga hesabu. Chukua kozi ya awali ya takwimu hata ya wiki nane kabla ya kuanza, na usione haya kukaa na watoto wa miaka 22.

Limebaki la mkuu wako, ambalo hukuniuliza. Ziara zinaendelea wakati wewe unachagua chuo, na shahada yako iko mbali. Usimwendee ukasema mpango wake unaharibu watoto. Aliyesifiwa kwa jambo hawezi kulisikia likiitwa kosa na mdogo wake kicheo, tena mbele ya watu. Mwendee peke yake, mwambie uko tayari kuuboresha mpango ili ukikaguliwa usimwaibishe. Pendekeza kufoka kuondolewe, na mikanda, na kubamiza lango. Pendekeza kijana asiletwe kwa basi la shule tano, na kwamba anayemhitaji mtoto yule ni mtu wa ustawi wa jamii au mwalimu wa ushauri atakayekaa naye miezi, si mfungwa atakayekaa naye saa moja. Akikubali nusu, umeshapunguza. Akikataa kabisa, andika ushauri wako kwa karatasi, kwa lugha ya heshima, na ubaki na nakala. Uratibu mwombe ampe mwingine.

Na kabla hujaenda popote: getini kwenu lipo daftari la wageni, na nina hakika vijana wa miaka yote minne wameandikwa humo, majina na tarehe, kwa mkono wa afande wa zamu. Nimeona vituo vikichoma madaftari kama hayo siku za usafi. Usilinakili na usilipige picha, ni majina ya watoto. Andika ombi rasmi tu kwamba lihifadhiwe. Liandike wiki hii.

Shangazi